Matanga ya Mwantumu wa Kitabuni

Wifi yangu Somoe binti Likwata alijifunza kusoma akiwa ameshaota mvi, na aliyemtia kwenye masomo ni mimi, kwa ubishi. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi watu wa kijijini kwetu wanapenda kudai kuwa sifa zote ni za Mwalimu Yohana. Yohana alimkuta tayari. Mimi ndiye niliyemwambia, tukiwa tunamenya ming'oko, vile viazi vya porini, nyuma ya nyumba, kwamba darasa la ngumbaru ni la watu wenye vichwa vyepesi, yeye abaki na sufuria zake. Akanitazama, akanawa mikono, akaenda kujiandikisha. Ikabidi na mimi nijiandikishe, maana nisingepata usingizi nikijua Somoe anajua kitu nisichokijua.

Ndivyo tulivyo. Ameolewa na kaka yangu Abdurahmani tangu mimi ni msichana, na hatujawahi kukubaliana hata kiasi cha chumvi kwenye kisamvu. Lakini mtu wa nje akimsema vibaya ananikuta mimi mlangoni, na hanisahau.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Zamani kila ukoo uliishi kwenye mikorosho yake, jirani unamsikia akikohoa tu, humwoni. Tukakusanywa hapa, mwendo wa baiskeli kutoka Nyangamara, nyumba zikapangwa kwa mstari. Sisi Wamwera huku, Wamakonde walioshuka kutoka uwanda wa juu kule, Waislamu na Wakristo, na kila mtu anamwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni. Watu tulichota maji kisima kimoja na hatujuani majina.

Kuna jambo sharti nilieleze hapa. Somoe alikuwa na binti, Esha, mtoto wake wa pekee. Homa ilimchukua wiki ileile ya kuhama. Tulimzika asubuhi, na mchana gari la kuhamia lilikuwa limesimama uwanjani, mizigo imeshapakiwa. Hapakuwa na matanga. Hakuna aliyelala chini mkekani, hakuna chungu kilichoinjikwa, na hakuja mtani hata mmoja. Kwetu msiba bila mtani si msiba. Watu wa ukoo wenye utani na ninyi ndio wanaokuja kuwavurugia kilio, wakamtukana marehemu, wakazuia maziko mpaka wapewe jogoo, na ninyi mnacheka mkiwa mnalia, ndipo moyo unaanza kupoa. Esha hakupata hayo. Mama yake alipanda gari udongo wa kaburi ukiwa bado kwenye kucha zake. Hakulia siku ile, wala siku nyingine. Jina la mtoto likawa halitajwi nyumbani kwa kaka yangu, na mimi shangazi yake, mara ngapi limenijia mdomoni, nikamwona Somoe usoni, nikalimeza.

Haya. Tulipomaliza darasa la ngumbaru, Somoe alikuwa anasoma kama maji. Mimi nilikuwa nasoma kama mtu anayevuka tope, nang'oa mguu mmoja, nasimama, natafuta pa kuuweka. Likaja sanduku la vitabu vya maktaba ya kijiji. Somoe akavimaliza vyote: kuku, vyoo, mbolea, namna bora ya kupalilia mikorosho. Alipoanza kusoma mara ya pili kile cha kuku, kaka yangu akanijia, akaniambia, "Dada, wifi yako yule anataka kuwa bwana mifugo." Ndipo Mwalimu Yohana akaingia kwenye hadithi hii.

Yohana alikuwa kijana wa Kimakonde, mwalimu wa shule ya msingi, mpole, mwembamba, amefunga vitabu nyuma ya baiskeli kwa mpira. Alikuwa na mwandishi wake mmoja anayempenda kupita kiasi, mtu aitwaye Sipriani Namkopola. Huyo Namkopola aliandika mambo ya kiza matupu: wafalme wa kuzimu, miji iliyolaaniwa, watu wanaotembea hali wamekufa. Mimi nauliza mpaka leo, mama yake huyo mtu alimnyonyesha nini.

"Shikamoo mama," Yohana alimwambia Somoe. "Nimekuletea, lakini ngoja nikueleze. Namkopola haanzwi hivihivi. Kuna kitabu chake chembamba cha hadithi fupifupi. Humo anakutisha kidogo kidogo, unamzoea. Ukishamzoea ndiyo unaingia kwenye hiki kinene."

"Marahaba. Na hicho chembamba kiko wapi?"

Yohana akaangalia chini. "Kimeliwa na mchwa."

"Basi mchwa wameanza na chembamba, mimi nitaanza na kinene," Somoe akasema, akakichukua.

Kiliitwa *Mfalme Asiye Kivuli*. Somoe hakutaka kukisoma peke yake, na nadhani aliogopa, ingawa hakukiri. Akaanza kukisoma kwa sauti kwenye ghala la korosho, baada ya sala ya alasiri, watu wametoka shambani. Siku ya kwanza tulikuwa wanawake wachache tumekaa juu ya magunia. Somoe akasema bismillahi, Wakristo wakapiga ishara ya msalaba, akafungua.

Ilikuwa hivi. Chini ya magofu makubwa, mithili ya yale ya Kilwa Kisiwani, anaishi mfalme asiye na kivuli. Kwa kuwa hana chake, anaiba vya watu. Aliyeibiwa kivuli anashuka chini kwa miguu yake mwenyewe, anakwenda kumchimbia mfalme shimo lisilo na mwisho, wala hakumbuki kwao. Binti mmoja, Mwantumu, baba yake kaibiwa kivuli. Akachukua kisu na mihogo miwili, akashuka kumfuata.

Somoe alipofika pale Mwantumu anapoweka mguu kwenye ngazi ya kwanza ya kuzimu, akafunga kitabu, akaweka jani la mkorosho kuwa alama, akasema mengine kesho. Nusura tumpige.

Baada ya wiki moja ghala halikutosha. Wamakonde walikuja, vikongwe walikuja, walevi wa pombe ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, walikuja na vibuyu vyao na wakanyamaza. Watu ambao kisimani hawasalimiani sasa walikuwa wanaulizana, "Unadhani yule mzee wa lango la kuzimu ni mtu au ni mzuka?" Mimi mwenyewe nilijikuta nimemsogezea gunia mwanamke niliyegombana naye juu ya mbuzi.

Taabu ikaja kwenye vivuli. Namkopola ameandika kwamba mfalme anaiba kivuli saa kinapokuwa kidogo. Na kivuli ni kidogo lini? Jua la utosi. Basi kwenye shamba la ujamaa, ikikaribia saa sita, ukaona majembe yanalala moja moja na watu wanajisogeza chini ya mikorosho. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Bwana Fakihi, alikuwa mtu wa filimbi. Alipiga filimbi ya kuamka, filimbi ya shamba, filimbi ya chakula. Sasa alipiga filimbi mpaka mashavu yakamuuma na hakuna aliyetoka mtini.

"Mnaogopa nini ninyi watu wazima?" akauliza, amesimama katikati ya jua.

Eusebio akamjibu kutoka kivulini. "Hatuogopi kitu, Mwenyekiti. Tunakuangalia wewe tu. Kivuli chako sasa hivi kimebaki mithili ya chapati."

Fakihi akaangalia chini. Alijizuia kidogo, kisha naye akaja mtini, akasema anataka kunywa maji.

Huyo Eusebio ni Mmakonde, fundi wa kuchonga vinu, mdomo wake haujui likizo. Ukoo wake na wetu ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo ana haki ya kunitukana na mimi sina haki ya kukasirika. Nimekasirika mara nyingi.

Fakihi alikuja ghalani jioni hiyo ili akipige marufuku kitabu. Alisimama mlangoni ameshika filimbi. Somoe alikuwa anasoma pale Mwantumu anapovuka mto wa majivu kwa kamba iliyosukwa kwa nywele za wafu. Fakihi alisahau alichojia. Kesho yake alikuwa wa kwanza kufika, akakalia gunia langu.

Tukaenda hivyo msimu mzima wa mabibo. Mwantumu alizidi kushuka. Alikuwa mkaidi, mchokozi, anamjibu mfalme bila adabu, na nilimpenda mno. Nilimwona Somoe akisoma maneno ya yule binti, sauti yake inabadilika, inakuwa nyembamba na ya kibishi, na nikajua sauti ile ni ya nani. Kaka yangu Abdurahmani, ambaye tangu kuhama alikuwa mtu wa kurudi shambani na kulala, alianza kukaa nje ya ukuta wa ghala, anajifanya anashona jamvi.

Halafu kitabu kikaharibika. Sijui niseme namna gani. Mfalme yule katili, mwenye kutafuna vivuli, siku moja akaamka mpole. Akamwambia Mwantumu karibu mwanangu. Kesho yake Mwantumu na baba yake wakapewa shamba huko kuzimu. Keshokutwa wakapanda mihogo. Kisha walioibiwa vivuli wakafungua duka la ushirika, Mwantumu akachaguliwa balozi wa nyumba kumi. Mihogo ya kuzimu ikastawi. Ikapaliliwa. Ikapaliliwa tena.

"Mama Somoe," Eusebio akasema, "huyu mfalme amejiunga na chama lini? Maana sikusikia akipewa kadi."

Watu wakacheka, lakini kicheko cha kukosa raha. Vikongwe wakaanza kusinzia. Saa sita ya jua la utosi watu wakarudi kulima, Fakihi akafurahi, halafu nikamwona naye amekosa furaha. Ila Somoe alikuwa anasoma kwa bidii kuliko zamani, macho kwenye kitabu, anageuza kurasa. Nikaliangalia lile jani la mkorosho. Kila siku analitoa, kila siku analirudisha. Lilikuwa palepale.

Nikambana tukiwa kisimani, ndoo zetu zimejaa.

"Wifi, hiyo mihogo iko kwenye kitabu?"

"Mihogo gani?"

"Usinifanye mtoto. Mimi nasoma polepole, lakini nasoma. Jani haliendi."

Akatua ndoo. Nilitegemea anikate kwa maneno, maana hiyo ndiyo kawaida yake. Hakufanya hivyo. Akasema, "Ukurasa unaofuata anakufa."

"Nani?"

"Mwantumu. Nilichungulia. Anakufa pale chini, na wenziwe wanakimbia kwa kuwa lango linafungwa. Hawamziki, wifi. Hawana nafasi. Wanamfunika kanga, wanamwacha." Akaongeza, "Sitausoma ukurasa huo. Nikiusoma mbele za watu, nimekwisha. Nitamlimia mihogo mpaka Mungu anichukue mimi."

Nilikuwa na maneno mengi ya siku zote, ya kumwambia, mtu mzima hovyo wewe, unalilia karatasi. Hayakutoka. Nikambebea ndoo yake na yangu, na hakusema nimemwaga maji, ingawa nilimwaga. Tangu siku hiyo nikawa naketi mbele kabisa ghalani, na mtu akipiga miayo namtolea jicho. Nikasifia ile mihogo kwa sauti. Nilisema mimi binafsi napenda hadithi yenye kilimo.

Lakini Mwalimu Yohana akasikia. Mtoto mmoja shuleni kwake alimwambia kwamba Mwantumu ameanza kufuga kuku. Mtu aliyekisoma kitabu kile kama alivyokisoma Yohana, ukimwambia hivyo, hawezi kukaa. Akaja na baiskeli yake, akaketi nyuma, akasikiliza jinsi kuku wa kuzimu wanavyochanjwa ugonjwa wa mdondo. Nilimwona uso unavyomgeuka. Hakuwa mtu mbaya. Ila mapenzi yake kwa Namkopola yalimzidi adabu.

"Mama," akasema, "samahani. Umefika ukurasa gani?"

Ghala zima likageuka. Somoe akafunika ukurasa kwa kiganja. Yohana akatambua amefanya kitu, hakujua kitu gani, akaanza kusema basi mama, endelea tu mama, lakini neno likishatoka limetoka. Fakihi akasimama. "Mwalimu, ina maana kuku hawamo?"

Yohana akawa anakunja na kukunjua ukingo wa kofia yake. "Hawamo," akasema.

Somoe akanitazama mimi. Hakunitazama kama wifi wa kugombana naye. Akanyoosha mkono, akanipa kitabu, jani la mkorosho likiwa palepale.

"Soma wewe," akaniambia. "Mimi siwezi."

Basi nikasimama. Nimeshasema nasomaje. Nikaweka kidole chini ya neno la kwanza. "Mwa. Mwa-ntu. Mwantumu. A-ka. A-ka-hi-si." Watu walikuwa wameinama wote mbele wanasubiri, na mimi natoka jasho mgongoni. "Ba. Ba-ri-di." Eusebio akasema baridi imefika, endelea. Nikaendelea. Nikifika kwenye neno refu nasimama, watu nao wanasimama na pumzi zao. Mwantumu alikufa kwa silabi. Alianza kufa jua likiwa juu ya paa la ghala na alikata roho jua limeshuka kwenye mikorosho, kwa ajili ya kutojua kwangu kusoma. Palikuwa na sehemu nilikosea, nikarudi nyuma, akawa mzima tena kwa mstari mmoja, na nikasikia mtu nyuma yangu akisema alhamdulillahi. Kisha nikalisoma sawasawa. Wakamfunika kanga. Lango likafungwa. Wakamwacha.

Nikafunga kitabu. Mama mmoja wa Kimakonde akauliza polepole, "Hawakumzika?" Nikasema hawakumzika. Nikamtafuta Somoe, alikuwa ameshaondoka.

Asubuhi Fakihi akapiga filimbi ya shamba. Hakutoka mtu. Akapiga tena. Kwetu, kukiwa na maiti ndani ya kijiji ambaye hajazikwa, jembe haliingii ardhini, hilo linajulikana kwa Mwislamu na kwa Mkristo. Fakihi mwenyewe analijua. Akapita nyumba hadi nyumba akisema huyo mtu ni wa kitabuni, hana mwili, hana kwao. Watu wakamjibu kwa heshima kwamba tumekaa naye msimu mzima, Mwenyekiti, na wewe ulikaa kwenye gunia.

Halafu likazuka suala la mfiwa. Msiba lazima uwe na mwenyewe, watu wajue wanakwenda kumpa pole nani. Baba yake Mwantumu yuko kuzimu, hana kivuli, hawezi kupokea wageni. Wakajadili, wakakata shauri kwamba mwenye msiba ni Somoe, kwa kuwa ndiye aliyemleta kijijini. Na wakaja. Wakaja na mikeka, na unga, na kuni kichwani. Niliwaona wanakuja uani kwa kaka yangu, nikataka kuwafukuza kwa mchi. Nilijua wanaingia pasipoingiwa. Ila Somoe alikuwa ameshaketi chini, amenyoosha miguu, mtandio umeshuka kichwani, na uso wake ulikuwa mkavu. Kitabu kilikuwa mbele yake mkekani. Wanawake wakamzunguka.

Ndipo akaingia Eusebio. Hakubisha hodi, mtani habishi hodi msibani. Akapita katikati ya wanawake, akachukua kitabu, akalala chali katikati ya ua, akakiweka kifuani.

"Maiti huyu hazikwi," akasema. "Mimi ni mtani wake. Nataka jogoo, nataka tumbaku, na nataka huyu mwenye msiba aniombe kwa mdomo wake. La sivyo nitalala hapa mpaka mvua za masika."

Akaketi kitako. Eusebio akavuta kanga ya Somoe iliyoanikwa kwenye kamba, akajitanda, akakifungua kitabu kikiwa kimegeuzwa juu chini, akasema kwa sauti ya Somoe kabisa, "Bismillahi. Mfalme wa kuzimu akaamka asubuhi. Akasikia filimbi ya Fakihi. Akachukua jembe, akawaambia mizimu, haya wanangu, twendeni tukapalilie." Akainuka, akatembea ua mzima akipalilia, kanga inamburuza. "Kuku mmoja wa kuzimu akataga. Likatoka yai. Yai halina kivuli."

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa kaka yangu Abdurahmani, mlangoni. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu tuhame. Halafu tukacheka wote, wanawake wakashikana mabega. Na Somoe akacheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, akacheka mpaka nikaona kicheko kimebadilika na machozi yanamtoka, mengi, na hayakuwa ya kicheko.

"Eusebio," akasema, "Esha wangu hakupata mtani."

Eusebio akasimama na kanga yake. "Esha nani?"

Wote wakanigeukia mimi. Kijiji kizima tunachota maji pamoja, na nje ya ukoo wetu hapakuwa na aliyejua. Nikalisema lile nililolimeza muda wote ule. "Binti yao. Mtoto wa kaka yangu. Tulimzika asubuhi, tukapanda gari mchana."

Eusebio akakiweka kitabu chini, taratibu, akakisogeza pembeni. "Kumbe nimelalia msiba wa mtu mwingine," akasema. Akaketi mbele ya Somoe. "Haya, nieleze. Alikuwaje huyo mtoto?"

Somoe akasema. Mwanzoni neno moja moja, nikadhani ni mimi ninayesoma. Alikuwa mkaidi. Alikuwa mbishi kama shangazi yake. Alikuwa anakula korosho mbichi na maganda yake, anaungua midomo, kesho anarudia. Alikuwa anachukia kutwanga, ukimpa mchi anasema mkono unamuuma, ukimpa ngoma mkono unapona.

Eusebio akatikisa kichwa. "Mvivu sana," akasema. "Yaani amekimbilia kaburini ili asitwange. Na angekuwepo leo ningemchongea kinu kikubwa kuliko vyote." Somoe akampiga kwa mtandio, akacheka, akalia, na safari hii hakujizuia, alilia kwa sauti, na wanawake wote wakampokea. Na mimi nililia. Nilimlilia mtoto wa kaka yangu, na sikujali nani ananiona.

Fakihi aliingia wakati huo na filimbi yake mdomoni, tayari kupiga. Akasimama. Mtu akamnong'oneza. Akaitoa filimbi, akaitia mfukoni, akavua viatu, akaketi kwa wanaume pamoja na Abdurahmani. Kesho yake bwana shamba alipita na pikipiki, akaona shamba la ujamaa tupu, akaja kijijini akiwa mkali, akauliza kuna nini.

"Tuna msiba," Fakihi akamwambia.

"Nani amefariki?"

"Binti wa Abdurahmani."

Bwana shamba akavua kofia. "Poleni. Lini?"

Fakihi akafikiri. "Habari imetufikia jana," akasema.

Tulikaa matanga mpaka siku ya tatu, chungu kikainjikwa, jogoo akachinjwa, Eusebio akapewa kichwa na shingo akalalamika. Abilahi msomaji wa dua akaombea kwa jina la Esha. Alipomaliza, mama mmoja akamgusa bega akasema na yule mwingine je, wa kitabuni, na Abilahi, ambaye naye hakukosa hata siku moja ghalani, akainua mikono tena.

Yohana hakuja siku zile, aliona haya. Alikuja mabibo yalipokwisha kabisa, akaegemeza baiskeli mbali, akatoa kitu kilichofungwa kwa gazeti. Kilikuwa kitabu kingine cha Namkopola, kinene kuliko kile. Akamwambia Somoe, mama, si lazima, nimekuja nacho tu, nitarudi nacho. Mimi nilikuwa natwanga. Nikaacha mchi juu.

Somoe akakichukua, akakipima kwa mkono. "Kuna mtoto humu?" akauliza.

"Yupo, mama."

"Anakufa?"

Yohana hajui kusema uongo, na kwa Namkopola jibu ni moja tu. Akaangalia chini, kama siku ile ya mchwa.

Somoe akafuta jalada kwa upindo wa kanga. Akafungua ukurasa wa kwanza, akaupapasa, kisha akanigeukia.

"Wifi," akasema, "nenda kamwite Eusebio. Mwambie aje akae karibu."